Sifuri zote hizi zinatoka wapi? Kupima sonona kwa wazee wa makaoni

SWALI

Mimi ni CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, katika makao ya wazee huku Minnesota, kwetu ni Mombasa. Upande wetu una wazee 38. Kila baada ya miezi mitatu anapita dada wa ustawi wa jamii na kompyuta yake, anawauliza maswali ya huzuni, na karibu kila mtu anatoka na 0 au 1. Lakini mimi ndiye ninayewaogesha na kuwalisha, na ninayoyaona ni mengine. Kuna bibi amegeukia ukuta tangu Januari na chakula anakichokonoa tu. Kuna mzee mwenye ugonjwa wa kusahau analia kila jioni. Na kuna babu wa Kikongo asiyejua Kiingereza, binti yake ndiye anayetafsiri, na kila swali jibu ni "Mungu anasaidia." Je, kipimo ndicho kibovu au mimi ndiye ninayekuza mambo? Na mtu wa cheo changu afanye nini?

JIBU

Hukuzi mambo, dada. Wala kipimo si kibovu. Tatizo ni namna kinavyoulizwa na, tangu Oktoba 2023, mahali kinaporuhusiwa kukatizwa.

Anachojaza mwenzako ni Sehemu D ya MDS 3.0, fomu ambayo makao yote yanayolipwa na Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali ya Marekani, hulazimika kuijaza mzee anapoingia, kisha si zaidi ya siku 92 baina ya mara moja na nyingine, na pia hali yake ikibadilika sana. Ndani yake mna PHQ-9, yaani maswali tisa kuhusu siku 14 zilizopita. Kila swali huulizwa kwa hatua mbili: dalili ipo au haipo, na kama ipo, ni siku ngapi. Siku moja au pungufu ni alama 0, siku 2 hadi 6 ni alama 1, siku 7 hadi 11 ni 2, na siku 12 hadi 14 ni 3. Jumla ya juu kabisa ni 27. Alama 5 hadi 9 huitwa dalili hafifu. Zikifika 10 mzee anapaswa kuonwa na daktari kwa jambo hilo hasa, na 20 kwenda juu ni hali kali.

Zamani maswali yote tisa yaliulizwa. Siku hizi fomu huanza na mawili: kukosa hamu au furaha ya kufanya mambo, na kujisikia huzuni au kukata tamaa. Yote mawili yakipata 0 au 1 kwenye hesabu ya siku, mahojiano yanafungwa hapo hapo. Fikiria maana yake. Mzee anayeyakataa yote mawili haulizwi usingizi, haulizwi chakula, na haulizwi kamwe swali la tisa, lile la kutamani kufa au kujidhuru. Na wazee wengi wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni (depression), hawasemi wana huzuni. Wanasema wamechoka, mwili mzito, tumbo linasumbua, niacheni nilale. Bibi yako huenda alijibu "no" mara mbili, kompyuta ikafungwa, na sifuri yake ikaandikwa kwa kufuata kanuni zote.

Lakini hiyo ni kanuni ya kujaza fomu. Haimzuii muuguzi kumpima mzee huyohuyo kwa kipimo kingine kesho yake, na makao yenye uangalifu hufanya hivyo kila CNA anapotoa taarifa ya mabadiliko.

Sasa namna ya kuuliza. Sifuri nyingi hupatikana hivi: muulizaji amesimama mlangoni, au yuko ukumbini wakati wa chakula, runinga inanguruma, jirani wa kitanda cha pili anasikiliza nyuma ya pazia, na swali lenyewe linakuja likiwa limeshajibiwa: "Huna huzuni, sivyo?" Mzee aliyelelewa kutolalamika atajibu nini hapo?

Mlango ufungwe, na jirani atolewe kwa heshima, maana pazia halizuii sauti. Betri ya kifaa cha masikio ikaguliwe, miwani ifutwe. Asiyesikia vizuri apewe kile kikuza sauti cha mkononi chenye vipokea sauti vya masikioni. Muulizaji akae, macho yalingane na ya mzee, na mwanga umwangukie yeye muulizaji usoni badala ya kutokea mgongoni kwake, kwa sababu wazee wengi husoma midomo bila kujua kwamba wanaisoma. Kadi yenye majibu manne kwa herufi kubwa iwe mapajani pa mzee. Swali lisomwe kama lilivyoandikwa, polepole, na ule utangulizi wa "katika wiki mbili zilizopita" urudiwe kila baada ya maswali machache. La sivyo, kufika swali la nne mzee ameshaanza kuzungumzia mwaka jana.

Kisha kuna majibu yasiyo jibu. "Kidogo." "Siku nyingine." "Si kama zamani." Mwenye haraka huandika hapana. Anayejua kazi hushuka naye hatua kwa hatua: dalili ipo? Ipo. Ilikuwa karibu kila siku? Hapana. Zaidi ya nusu ya siku hizo? Labda. Mzee akisitasita kati ya viwango viwili, huandikwa cha juu. Swali la chakula limefunga mambo mawili pamoja, kukosa hamu na kula kupita kiasi, litenganishwe. Na mzee akisema, "Silali kwa sababu ya goti," bado inahesabiwa, kwa sababu fomu hii huandika dalili na kuacha chanzo kitafutwe baadaye. Wauguzi wazoefu ndio hukosea hapa zaidi ya wageni. Wamezoea kutafuta sababu, na wakishaipata wanaifuta dalili.

Asiyejibu swali, au anayejibu kisichohusiana nalo, huandikiwa 9, si 0. Yakikosekana majibu ya swali moja au mawili katika tisa, jumla hupandishwa kwa uwiano: mwenye alama 12 kwa maswali saba huhesabiwa 12 mara 9 gawa kwa 7, ambayo ni 15. Yakikosekana matatu au zaidi huandikwa 99, na kazi inahamia kwa wafanyakazi kama nitakavyoeleza. Makao yenye 99 nyingi yana tatizo la mahojiano, lakini angalau yanalionyesha. Sifuri hulificha.

Wengine hudhani sifuri hizi zina faida ya fedha. Sivyo. Kwa baadhi ya makundi ya malipo ya Medicare, alama 10 au zaidi huongeza malipo ya uuguzi. Kwa hiyo usiende kwa wakubwa wako ukiwa na dhana ya hila; mara nyingi ni haraka tu, watu wachache na wazee wengi.

Tuje kwa bibi.

Silaha yako ni hesabu ya siku, kwa sababu hakuna mwingine mwenye hesabu hiyo. "Anaonekana na huzuni" ni sentensi inayosomwa na kusahaulika. Chora mistari yenye vyumba 14, kila chumba siku moja, na kila mstari jambo moja: amekula chini ya nusu ya chakula cha mchana, amekataa kutoka chumbani, amelia, ameamka kabla ya alfajiri na hakulala tena, amekataa kuoga. Wa zamu ya usiku nao watie alama zao. Baada ya wiki mbili una kitu kama hiki: "Siku 9 kati ya 14 amekula chini ya nusu. Siku 11 hakwenda kwenye bingo ambayo Desemba hakuikosa. Mara mbili amesema, 'mniache tu.'" Hiyo humlazimisha muuguzi wa zamu kufanya jambo. Asilimia za chakula unazobonyeza kwenye ile skrini ya ukutani ni ushahidi pia, mradi zisiwe zile 75 za mazoea zinazobonyezwa kwa wazee wote saa nane mchana. Kama makao yenu yana karatasi ya Stop and Watch, ile ya kuripoti mabadiliko ya mzee, itumie. Kula kidogo, kusema kidogo na kujitenga vyote vimo humo. Lakini usingoje wiki mbili kutoa taarifa ya kwanza. Anza leo kwa mdomo, kisha hesabu ifuate.

Angalia na mizani. Kupungua asilimia 5 kwa mwezi au asilimia 10 kwa miezi sita ni kiwango ambacho MDS yenyewe hukitambua. Kwa bibi wa pauni 140, asilimia 5 ni pauni 7.

Akili yake ikiwa bado inashika, omba muuguzi ampime kwa GDS-15, dodoso la maswali 15 ya ndiyo na hapana, lililotungwa kwa ajili ya wazee. Karibu haligusi mwili kabisa: haliulizi usingizi wala hamu ya chakula, kwa hiyo halidanganywi na ugonjwa wa moyo au wa mapafu, ambao peke yake unaweza kumletea mtu alama kadhaa za PHQ-9. Linachukua dakika tano hadi saba. Zaidi ya alama 5 ni ishara ya kuchunguza zaidi. 10 kwenda juu karibu kila mara ni sonona. Kosa linalorudiwa ni la kuhesabu: swali la 1, 5, 7, 11 na 13 hutoa alama kwa "hapana", kwa kuwa yanauliza mambo mema, kama kuridhika na maisha au kuwa na nguvu. Anayejumlisha "ndiyo" zote huwapa wenye furaha alama za wagonjwa. Pia swali la 9, kama mtu anapendelea kubaki nyumbani kuliko kutoka na kufanya mambo mapya, halimkai vizuri mtu ambaye hawezi kutoka bila gari la makao. Kwa sababu hiyo kuna toleo la maswali 12 lililopunguzwa kwa ajili ya wakazi wa makao.

Alama ya juu haijawa ugonjwa. Kabla mtu hajasema sonona, iulizwe kama mabadiliko yalikuja ghafla, kwa siku au saa. Mzee aliyezubaa, anayesinzia katikati ya mazungumzo na asiyeweza kushika jambo anaweza kuwa na deliriamu ya kimya, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla bila fujo, na hiyo ni dharura ya mwili: maambukizi, choo kilichofunga, mkojo uliozuiwa, dawa mpya. Daktari kwa kawaida atataka damu ipimwe homoni ya tezi ya shingo, vitamini B12, wingi wa damu na sodiamu, na dawa zote zipitiwe upya. Maumivu nayo yaulizwe kwa makusudi. Bibi anayegeukia ukuta huenda anageukia upande ambao nyonga haimuumi. Wewe unayemgeuza ndiye utakayejua.

Ikithibitika ni sonona, vidonge ni sehemu tu ya kazi. Sertraline huanzishwa kwa wazee na miligramu 25, mirtazapine 7.5 usiku hupendwa pale chakula na usingizi vimepotea. Dawa za jamii ya sertraline zinaweza kushusha sodiamu, hasa kwa anayetumia vidonge vya mkojo vya jamii ya thiazide, na hushuka zaidi wiki za mwanzo. Kwa hiyo mzee aliyeanza dawa juzi na leo amechanganyikiwa au ameanguka, sema. Amitriptyline ya zamani haifai umri huu: hukausha kinywa, huzuia mkojo, huangusha watu. Nafuu isitazamiwe kabla ya wiki nne hadi sita, na kwa wazee huchukua muda zaidi. Wakati huohuo ratiba ya mambo anayoyapenda iandikwe kwa siku na saa, maana "ahimizwe kushiriki" ni maneno ambayo hakuna atakayeyatekeleza. "Jumanne na Ijumaa saa nne, apelekwe dirishani penye jua, redio ya nyimbo za kanisani, dakika 20" inatekelezeka. Apimwe tena kwa dodoso lilelile baada ya wiki nne. Kwa PHQ-9, kushuka alama 5 ni mabadiliko ya kweli. Kubaki chini ya 5 ndiyo shabaha.

Mzee mwenye kusahau ni suala jingine, na hapa makosa ni ya aina mbili: kutomuuliza kabisa, au kumuuliza na kuamini kila jibu. Kipimo cha akili cha MDS, BIMS, kina alama 15. 8 hadi 12 ni upungufu wa wastani, 7 kushuka ni mkubwa. Wengi wa kundi la wastani hujibu PHQ-9 vizuri tu wakipewa muda, na fomu inataka kila mzee ajaribiwe isipokuwa yule asiyeeleweka karibu kabisa. Mahojiano yakishindikana, hujazwa toleo la wafanyakazi. Hilo lina maswali kumi na kikomo cha alama 30. La kumi ni kuwa mwepesi wa hasira. Linapojazwa na mtu mmoja wa zamu ya asubuhi, kilio cha jioni hakimo. Zamu zote zinatakiwa kuulizwa, na wewe ni miongoni mwao.

Kipimo kinachofaa zaidi hapa ni cha Cornell, kilichotolewa mwaka 1988 kwa ajili ya watu wenye dimenshia, yaani ugonjwa wa kusahau. Muuguzi huzungumza na anayemhudumia mzee kwa dakika 20 hivi, kisha na mzee mwenyewe dakika 10. Mambo 19, kila moja 0 hadi 2, kuhusu wiki iliyopita. Zaidi ya 10 huenda ni sonona kubwa, zaidi ya 18 ni dhahiri, chini ya 6 kwa kawaida haipo. Mtego wake ni kwamba kanuni yake ni kinyume cha ile ya PHQ-9: dalili inayotokana na ulemavu au ugonjwa wa mwili haipewi alama. Anayetoka kwenye fomu moja kuingia nyingine bila kubadili kichwa huharibu zote mbili.

Na kilio cha jioni chenyewe? Sonona mara nyingi huwa mbaya zaidi asubuhi, na Cornell ina kipengele cha hilo. Anayelia saa kumi na moja jioni tu, na asubuhi anakula uji na kucheka, kwanza atafutiwe mambo mengine: uchovu, kelele za kubadilishana zamu, kibofu kimejaa, dawa ya maumivu imeisha nguvu. Kama aliwahi kupata kiharusi, na kilio hulipuka kwa nusu dakika bila sababu kisha kinakatika kama bomba lililofungwa, mweleze muuguzi hivyohivyo. Kuna kilio kinachotokana na jeraha la ubongo wala si huzuni, na kina matibabu yake. Nasisitiza utafutaji huu kwa sababu vidonge vya sonona havina nguvu kubwa kwa wenye dimenshia. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka 2011 ulilinganisha sertraline na mirtazapine na kidonge kisicho na dawa, na baada ya wiki 13 hakuna iliyokishinda.

Kwa babu, kosa la kwanza ni mkalimani. Baba hatamwambia binti yake kwamba anatamani kufa, na binti hatamtafsiria baba yake swali hilo lilivyo. Atalipaka asali: "Wanauliza kama uko sawa, baba." Babu hujibu alichoulizwa. Sheria ya Marekani inayapa makao wajibu wa kuleta mkalimani aliyefunzwa, na kwa Kiswahili anapatikana kwa simu. MDS yenyewe ina mahali pa kuandika lugha ya mzee na kama anahitaji mkalimani. Angalia kama pamejazwa. Wewe usijitolee kutafsiri mahojiano hayo hata ukiombwa, isipokuwa kazi hiyo iko rasmi kwenye majukumu yako. Kesho utamwogesha, na kuna mambo mtu hasemi kwa anayemwona uchi.

Mkalimani aelezwe kabla kwamba swali la kifo litakuja na lisilainishwe. Na aulizwe anakotoka: anayejua Kiswahili cha Unguja tu anaweza kupotea kwenye Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi. "Sonona" ni neno la hospitali za Tanzania. Babu huenda hajawahi kulisikia. "Mawazo mingi," "roho inauma," "nimechoka na maisha," hayo ndiyo maneno ya kusikiliza. Nawe unajua kwamba kwetu "habari?" haina jibu ila "nzuri", hata kwenye matanga, mbaya zinakuja baadaye. "Mungu anasaidia" ni mlango wa mazungumzo. Swali la pili ndilo linaloingia ndani: "Anakusaidia kubeba nini, babu?" Kisha siku zihesabiwe kwa alama anazozijua, toka ibada ya Jumapili ya wiki ya juzi hadi leo, badala ya "wiki mbili zilizopita."

Sikiliza pia tofauti ya kauli mbili. "Mungu akiniita niko tayari" ni maneno ya mzee aliyetulia. "Mungu anichukue leo, nimekuwa mzigo" ni ndiyo kwa swali la tisa. Zote mbili mfikishie muuguzi, maana kupambanua si kazi yako; lakini ya pili humfikishia sasa hivi, hungojei mwisho wa zamu, na humwachi babu peke yake hadi muuguzi afike. Atakachotaka kujua ni kama babu ana njia akilini, kama ana kifaa karibu, na kama aliwahi kujaribu. Makaoni kifaa mara nyingi ni vidonge vilivyofichwa shavuni na kukusanywa ndani ya leso, waya wa kengele, mfuko wa plastiki wa pipa la taka. Na wako wasioshika kifaa chochote: wanafumba mdomo tu, sindano ya insulini wanaikataa, maji wanayarudisha. Ukitandika kitanda, pitisha mkono chini ya mto.